Pima Mzigo Wako Awasi, Usingoje Kaunta ya Ndege

Ukiabiri matatu mjini Kisumu kuelekea Kericho, msomaji mpenzi, utapita Ahero penye mashamba ya mpunga na daraja la mto Nyando, kisha gari litakata nyanda za Kano zilizo bapa kama meza. Milima ya Nandi itakuwa kushoto kwako, na kulia utaona kwa mbali uwanda wa juu wa Nyabondo. Kabla barabara haijaanza kupanda kwenda nchi ya majani chai, makanga atapiga bati la gari kwa kiganja na kuita, "Awasi! Kuna wa Awasi?"

Shuka hapo. Awasi si mji wa watalii, wala hutauona kwenye picha za kalenda. Ni soko na kituo cha barabarani, mahali ambapo mkulima wa Kano hukutana na mchuuzi kutoka milimani. Lakini ukitaka kujifunza habari ya mizigo, hakuna shule bora kuliko hii.

Tembea polepole katikati ya vibanda. Utaona mahindi, maharagwe, mtama, njugu, mchele wa Ahero, omena waliokaushwa kwa jua, samaki waliokaushwa moshini, sukari nguru na kuku waliofungwa miguu wakisubiri hatima yao. Kipimo cha nafaka ni gorogoro, ule mkebe unaobeba takriban kilo mbili. Mnunuzi hukodoa macho akitazama kilima cha nafaka kilicho juu ya ukingo wa mkebe. Mwuzaji akikikwangua kwa mkono, malalamiko huanza. Akikiacha, wote wawili hucheka. Na baada ya kupima huja nyongeza, konzi moja ya bure, "ya mtoto".

Sasa rudi barabarani utazame gunia likipakiwa kwenye matatu. Makanga hulitazama mara moja tu kwa jicho, kisha hutamka bei.

"Mama, huu mzigo unataka kiti chake."

"Kiti gani, mwanangu? Ni mahindi ya wajukuu tu haya."

Watavutana dakika mbili, tatu, na mwishowe gunia litapanda juu ya gari kwa nusu ya bei ya kwanza. Hivyo ndivyo mizigo yetu ilivyosafiri tangu zamani: hupimwa kwa jicho na hulipiwa kwa maneno.

Leo, mpenzi msomaji, nataka tufuate mzigo unaofungwa katika soko hili lakini safari yake si ya matatu pekee. Ni mzigo wa mtoto anayekwenda ng'ambo kusoma, au wa mama anayemtembelea bintiye aliyeolewa mbali. Mzigo huu utafika kwenye kaunta ambapo maneno hayana bei. Nami nitakueleza nilivyojifunza jambo hili, maana kosa lilikuwa langu mwenyewe.

KILO 46 ZILIZOGEUKA 23

Dada yangu mkubwa huuza nafaka sokoni Awasi. Miaka kadhaa iliyopita bintiye, ambaye ni mpwa wangu, alipata nafasi ya kusoma Ujerumani. Mimi, kwa kuwa ndimi ninayeishi Nairobi na kujiona mjuzi wa mambo, nilikabidhiwa kazi ya kununua tiketi. Tiketi ya kutoka Nairobi kwenda Ulaya ilimruhusu mabegi mawili, kila moja kilo 23. Nikampigia dada simu kwa furaha: "Mwambie afunge mabegi mawili kamili!"

Kisha, ili kuokoa shilingi kidogo, nikamnunulia tiketi ya pili, kando kabisa, ya kutoka Kisumu hadi Nairobi. Nilichagua nauli ya chini kuliko zote na kulipia begi moja. Sikusoma zaidi ya hapo. Niliona kuwa begi la pili ni jambo dogo.

Dada alifunga mabegi hayo kwa siku tatu. Aliweka njugu alizozikaanga mwenyewe, nyingine zikiwa zimesagwa na kutiwa chupani, samaki wakavu, unga wa wimbi, mchele na sukari nguru iliyofungwa vizuri kwa karatasi. Siku ya safari alimsindikiza bintiye hadi uwanja wa ndege wa Kisumu, ule ulio kando ya barabara ya Busia. Wasindikizaji hawaingii ndani, basi wakaagana mlangoni. Dada akageuka, akapanda tuktuk hadi kituo cha magari, akarudi Awasi kuwahi wateja wa jioni.

Ndani, binti aliambiwa kwamba tiketi yake ina begi moja. La pili lilihitaji kulipiwa papo hapo, na gharama yake ilikaribia nauli yenyewe. Fedha alizokuwa nazo zilikuwa za kuanzia maisha ugenini. Alipiga magoti sakafuni, akafungua mabegi yote mawili mbele ya foleni nzima, akahamisha nguo na vitabu kwenye begi moja. Sweta tatu akazivaa mwilini. Chakula chote kikabaki. Alimwita mama mmoja aliyekuwa akifagia, akampa begi na vilivyomo.

Nilimpokea Nairobi akitiririka jasho ndani ya sweta zile. Usiku ule aliruka kwenda Ulaya akiwa na haki ya kilo 46, na mzigo wake wote ulikuwa kilo 23.

Majuma mawili baadaye mamake alimpigia simu. "Njugu bado zipo, mwanangu?"

"Zimekwisha, mama. Zilikuwa tamu."

KWA NINI NDEGE HUHESABU KILO

Huenda ukadhani kwamba kupima mizigo ni hila mpya ya makampuni kutunyonya. Sivyo kabisa, na ushahidi uko hapo hapo Kisumu. Mwaka 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilianza kuleta ndege zake Afrika Mashariki, na Kisumu ikawa mojawapo ya vituo vyake. Nyingi za ndege hizo zilitua juu ya maji ya ziwa, kama bata. Kufikia mwaka 1937 mashua kubwa zirukazo zilikuwa zikitoka Southampton hadi Durban zikipitia Kisumu. Siku hizo abiria mwenyewe alipandishwa kwenye mizani pamoja na mzigo wake, awe bwana shauri au mke wa gavana. Hakukuwa na aibu, kwa sababu rubani alihitaji kujua.

Hata leo rubani anahitaji kujua. Kabla ndege haijaruka, ni lazima ijulikane uzito wa mafuta, watu na mizigo, na jinsi uzito huo ulivyogawanywa mbele na nyuma. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko juu zaidi, zaidi ya mita 1,600. Mahali pa juu na penye joto hewa huwa nyepesi, na mabawa hupata taabu zaidi kuinua ndege. Aidha, kila kilo hula mafuta. Katika safari ndefu, wahandisi hukadiria kwamba kilo moja ya ziada huteketeza kiasi cha gramu 30 hadi 40 za mafuta kwa kila saa. Zidisha hesabu hiyo kwa abiria 200 na saa nane, utaelewa kwa nini konzi ya bure haipo.

Ndege ikiwa ndogo, masharti hukazwa zaidi. Zile ndege ndogo zinazotoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda mbugani kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu kwa kila abiria, pamoja na mzigo wa mkononi, tena katika begi laini lisilo na fremu ngumu. Na huko visiwani Pasifiki, mwaka 2013 shirika la Samoa Air lilirudia mtindo wa kale, likaanza kutoza nauli kwa kilo za abiria mwenyewe na mzigo wake pamoja.

Hata hivyo, si ada zote zinatokana na mafuta. Kwa miaka mingi begi la kwanza lilikuwa ndani ya nauli. Mwaka 2006 mashirika ya nauli nafuu ya Ulaya, kama Flybe na Ryanair, yalianza kutoza begi kando. Mwaka 2008, bei ya mafuta ilipopanda mno, American Airlines nayo ikaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza katika safari za ndani ya Marekani, na wenzake wengi wakafuata. Southwest, iliyojulikana kwa kubeba mabegi bure, nayo ilianza kutoza mwezi Mei 2025. Kwa hiyo nauli unayoiona ikiwa rahisi mara nyingi imevuliwa nguo: begi limetolewa, chakula kimetolewa, na pengine hata uchaguzi wa kiti. Si udanganyifu, mradi usome. Mimi sikusoma.

HESABU MBILI TOFAUTI

Sasa tuingie darasani. Mashirika ya ndege hutumia mojawapo ya hesabu mbili, na usipojua yako ni ipi utaumia.

Hesabu ya kwanza ni ya uzito. Tiketi husema, kwa mfano, kilo 30. Unaweza kuzigawa katika mabegi mawili kwa namna uipendayo, maadamu jumla haizidi na shirika halijaweka kikomo cha idadi.

Hesabu ya pili ni ya vipande. Tiketi husema vipande viwili, kila kimoja kilo 23. Hapa ndipo wengi huteleza. Tuseme begi lako moja lina kilo 26 na la pili kilo 20. Jumla ni 46, hujazidisha hata gramu, lakini begi la kwanza limezidi na utatozwa. Kila begi huhukumiwa peke yake. Dawa yake ni kuhamisha kilo tatu kutoka begi moja hadi jingine, kazi ya dakika moja ukiwa nyumbani na ya fedheha ukiwa kaunta.

Juu ya hayo kuna ukubwa. Kwa mashirika mengi, ukijumlisha urefu, upana na kimo cha begi hupaswi kuzidi sentimita 158. Azima tepu ya fundi cherehani upime, pamoja na magurudumu na mkono wa begi. Pia, viwanja vingi havipokei begi moja lenye zaidi ya kilo 32 hata ukiwa tayari kulipa, kwa sababu kuna binadamu atakayeliinua kwa mgongo wake. Likizidi hapo, ligawe mara mbili au lipeleke kama shehena.

Mzigo wa mkononi nao una mizani yake. Mashirika mengi huruhusu kilo 7, mengine 10 au 12. Usiamini kwamba hawatapima kwa sababu safari iliyopita hawakupima.

Na ukijua mapema kwamba utazidisha, lipia mapema. Begi linalolipiwa siku ya kununua tiketi, au siku chache kabla ya safari, mara nyingi huwa nafuu kuliko begi hilo hilo likilipiwa kaunta. Sokoni Awasi bei hushuka jioni mwuzaji anapotaka kurudi nyumbani. Kwenye ndege bei hupanda kadiri saa ya kuruka inavyokaribia.

MTEGO WA TIKETI MBILI

Kosa langu lilikuwa hili, nami naomba ulikumbuke hata ukiyasahau mengine yote. Safari nzima ikiwa katika tiketi moja, Kisumu hadi Nairobi hadi Ulaya, kwa kawaida idhini moja ya mizigo hutumika tangu mwanzo hadi mwisho, na begi hupewa kibandiko cha kwenda moja kwa moja. Lakini ukinunua tiketi mbili kando kando, basi una safari mbili. Kila shirika litakupimia kwa sheria zake, nawe huenda ukalazimika kulichukua begi lako Nairobi na kulisalimisha upya.

Kwa hiyo ukilinganisha bei, usilinganishe nauli kwa nauli. Andika kwenye karatasi: nauli, jumlisha begi la kwanza, jumlisha begi la pili, kisha ndipo ulinganishe. Mara nyingine ile tiketi moja iliyoonekana ghali ndiyo rahisi. Mara nyingine basi la usiku kutoka Kisumu hadi Nairobi, pamoja na mabegi yake mawili, huwashinda wote. Ningempandisha mpwa wangu basi, njugu zingefika Ujerumani.

NINI KIKAE WAPI

Mwezi Agosti 2006 polisi wa London waligundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa ndani ya chupa za vinywaji. Tangu hapo, katika safari za kimataifa, kanuni iliyoenea ni kwamba kimiminika cha mkononi hakizidi mililita 100 kwa chupa, na chupa zote ziingie katika mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Viwanja vichache vimeweka mitambo mipya na kulegeza, lakini wewe jiandae kwa kanuni ya zamani. Wala usidhani kimiminika ni maji na soda tu. Asali ni kimiminika. Njugu zilizosagwa kuwa rojo, nazo huhesabiwa humo. Chupa ya aina hiyo iweke katika begi la kwenda tumboni mwa ndege, uifunge na kuizungushia nguo.

Kinyume chake ni betri. Ile betri ya akiba ya kuchajia simu haiendi kamwe tumboni mwa ndege. Ikaa nawe mkononi, kwa sababu ikishika moto wahudumu waweze kuiona na kuizima. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ikiwa imeandikwa mAh pekee, zidisha kwa 3.7 kisha ugawe kwa 1,000. Betri ya 20,000 ni wati-saa 74, hivyo inapita.

Kisu, panga, jembe na rungu la ukumbusho viende chini. Nyatiti ya babu ni tete mno kuachiwa wapakizi, tena ni kubwa kwa sanduku la juu ya kiti. Ulizia shirika kabla ya siku ya safari.

Vyeti vya shule, barua ya chuo, pasipoti, dawa, miwani, tarakilishi na nguo za siku moja zikae mkononi. Begi likipotea, mwanafunzi asiye na shati la pili ataishi. Asiye na cheti chake atataabika.

Kumbuka pia kwamba mizani ya ndege siyo lango la mwisho. Kuna forodha ya uendako. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa. Basi ile mursik ya jirani zetu wa Kericho, hata ikiwa ndani ya kibuyu kizuri namna gani, itaishia kwenye pipa. Samaki kwa matumizi yako huruhusiwa kwa kiasi, ndiyo maana wale samaki wakavu wa dada yangu wangepita. Soma kanuni za nchi yako kabla hujafunga begi, na ukiulizwa sema kweli.

MZIGO UKIPOTEA

Kile kikaratasi kidogo unachopewa kaunta, chenye namba ya begi lako, ni stakabadhi. Kitunze kama pesa. Kabla ya safari piga picha ya begi, nje na ndani, kwa simu. Weka ndani karatasi yenye jina na namba ya simu.

Usipoliona begi kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi kabla ya kwenda kwenye dawati la mizigo na kuandikisha ripoti, nawe upewe nakala. Kwa safari za kimataifa tunalindwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama. Begi likiharibika, andika malalamiko yako ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Likikaa siku 21 bila kuonekana, una haki ya kulidai kama lililopotea. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha fidia ni SDR 1,519 kwa abiria, kwa kipimo cha Shirika la Fedha Duniani, yaani yapata dola 2,000 za Marekani. Hicho ni kikomo, si zawadi. Utadaiwa kuonyesha thamani ya ulichopoteza, basi tunza risiti. Na chenye thamani kupita hapo kisipande chini kamwe.

MIZANI YA DADA YANGU

Mpwa wangu alirudi kwa likizo ya Krismasi mwaka wa pili. Walikuwa wameketi yeye na mamake wakimenya njugu, ndipo akasema ukweli wa zile zilizobaki Kisumu. Nilikuwapo, nikainamisha kichwa. Nilitarajia dada akasirike. Alimaliza kumenya zilizokuwa mkononi, kisha akauliza, "Hapo uwanjani kuna mizani?"

"Ipo, mama."

"Na mjomba wako alijua?"

Nilikohoa.

"Mimi," dada akasema, "nimepima vitu vya watu katika soko hili tangu kabla hujazaliwa. Mngeniambia kilo ngapi, ningewapimia."

Hilo ndilo lililoniuma, msomaji mpenzi, na ndilo lililonifanya niandike. Tulimwambia mwanamke ambaye kazi yake ni vipimo kwamba afunge tu, mengine atuachie sisi wajuzi. Hatukumpa idadi. Naye, asiyewahi kukosea gorogoro, akafunga kwa moyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpe mfungaji wa mzigo namba kamili: mabegi mangapi, kilo ngapi kila moja, kwa kila tiketi. Kama huna mizani nyumbani, nenda kwa mfanyabiashara wa nafaka au kwenye kinu cha kusagia unga. Pale pana mizani ya kuning'inia yenye ndoano, inayopima magunia. Begi la kilo 23 kwake si kitu. Ukiwa na mizani ya bafuni, simama juu yake ukiwa umebeba begi, soma, kisha simama bila begi, na utoe. Mizani hutofautiana, basi acha pengo la kilo moja. Pima begi tupu pia. Sanduku gumu la magurudumu linaweza kula kilo nne au tano kabla hujaweka hata kitambaa.

Halafu panga vitu kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni visivyopatikana uendako kwa bei yoyote, yaani vyeti, dawa, njugu za mama. Fungu la pili ni vinavyopatikana lakini kwa bei ya kuumiza. Fungu la tatu ni vinavyopatikana dukani kila mahali, kama sabuni, sukari, mchele na taulo nzito. Mizani ikikataa, anza kutoa fungu la tatu. Utashangaa ni mara ngapi watu huacha njugu na kubeba sabuni.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mdogo wake, aliyepata nafasi Kanada. Safari hii tiketi ilikuwa moja, kutoka Kisumu hadi mwisho, nami niliisoma mara mbili na kumtumia dada namba kwa simu. Jioni ya kuamkia safari mabegi yalipelekwa kwa jirani mwenye mizani ya magunia. La kwanza likasoma 25. Dada hakubishana. Alilifungua pale pale juu ya gunia tupu, akatoa mfuko wa unga wa wimbi wa kilo mbili na taulo, akalirudisha kwenye ndoano. Kilo 22 na nusu.

Unga ule haukupotea. Dada aliupikia uji usiku huo huo, na msafiri akanywa vikombe viwili kabla ya kulala.

Kesho yake waliagana mlangoni pa uwanja. Mhudumu wa kaunta aliyatazama mabegi yakipanda mizani moja baada ya jingine, akabandika vibandiko bila kusema neno. Kijana alipotuma ujumbe kwamba amepita salama, mamake alikuwa tayari Awasi, mkebe mkononi, akimpimia mteja mahindi.